Bolti Imeingia, Lakini Je, Ni Yake?

Mazungumzo ya leo yanahusu bolti za injini kuukuu, na hasa thredi zake, yale meno yanayolizunguka shina la bolti na kushika nati au bloki. Katika gereji za barabara yetu ya kutoka Kericho kwenda Sotik, bolti ikipotea au ikikatika hutafutiwa mwenzake kwenye kopo la bolti zilizofunguliwa magari mengine. Fundi huijaribu kwa vidole, na ikizunguka mara mbili tatu hutamka neno moja, "imeingia", kisha spana humalizia. Mimi nadai kwamba neno hilo halithibitishi kitu. Ukubwa wa kichwa, ambao ndio tunaoutumia kuitaja bolti tukisema ya 12 au ya 14, nao hauthibitishi kitu. Hata nchi gari lilikotengenezwa haitoshi. Bolti hujulikana kwa vipimo vitatu: unene wa shina, umbali wa jino hadi jino, ambao nitauita hatua, na pembe ya jino lenyewe. Injini ya zamani ikifungwa bila kuvijua vipimo hivyo, inaumizwa na mikono ileile inayotaka kuiokoa, na inaumizwa bure, kwa sababu kupima hakuhitaji karakana ya kitajiri.

Jambo hili lingekuwa dogo kama magari yetu yangetoka nchi moja. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920, mashine na magari yalikuja kutoka Uingereza. Baadaye zikaja Landrova za serikali, za misheni na za mashamba, trekta za Massey Ferguson 135 zenye injini ya Perkins ya silinda tatu, Volkswagen Beetle kutoka Ujerumani, Peugeot 404 na kisha 504 ambayo iliunganishwa humu humu Kenya kwa miaka mingi, halafu Datsun na Toyota. Mengi yamekwisha kuwa vyuma chakavu, lakini mengine bado yanabeba majani na mbolea, na mengine yanatunzwa kwa mapenzi tu. Maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance yamekuwako Nairobi tangu 1970, na tangu 2003 mbio za Safari Classic zimekuwa zikiyarudisha magari ya zamani kwenye vumbi lile lile yalikojengea jina. Nchi hii ina magari ya kale yanayostahili kufungwa vizuri, na ina watu wanaoyataka.

Kericho yenyewe inatupa mfano mzuri wa jinsi nchi ya gari inavyoweza kumpotosha mtu. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544, nduguye Jaswant akiwa kando yake. Sweden ni nchi ya mita na kilo, na yeyote angetarajia gari la huko lifungwe kwa milimita toka mbele hadi nyuma. Lakini injini za Volvo za enzi hiyo, zile zilizoitwa B18, zilifungwa kwa thredi za inchi za mfumo uitwao Unified. Mitsubishi aliyoshinda nayo mwaka 1974 na tena 1976 ilikuwa ya milimita. Dereva mmoja, mashindano yale yale, na visanduku viwili tofauti vya bolti. Na kinyume chake pia kipo: plagi za injini za Kiingereza, zilizojaa bolti za inchi, kwa kawaida huwa na unene wa milimita 14 na hatua ya milimita 1.25, sawasawa na za Mjerumani na Mjapani.

Mchanganyiko huu una historia, na historia hiyo inamsaidia fundi kujua atarajie nini. Kabla ya 1841 karakana za Uingereza zilikata thredi kila moja ilivyopenda. Mhandisi Joseph Whitworth wa Manchester alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akatafuta wastani wake, na mwaka huo akapendekeza jino la pembe ya digrii 55, lenye idadi maalumu ya meno kwa kila unene. Reli na viwanda vya Uingereza vikamfuata, na makoloni nayo. Meno ya Whitworth ni makubwa, yakifaa chuma cha kumimina kuliko gari linalotikisika, kwa hiyo mwaka 1908 ukaja mfumo wa BSF, pembe ile ile lakini meno yaliyosongamana zaidi. Skurubu ndogo za vyombo na umeme zikawa na mfumo wao wa tatu, BA, wenye pembe ya digrii 47 na nusu. Huko Philadelphia, William Sellers alikuwa amependekeza mwaka 1864 jino la digrii 60, kwa sababu ni rahisi zaidi kulikata na kulikagua. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Waingereza na Wamarekani wakajikuta wanapigana upande mmoja kwa mashine ambazo nati zake hazibadilishani. Mwaka 1948 wao pamoja na Kanada wakakubaliana juu ya mfumo wa Unified: digrii 60 za Marekani, vipimo vya inchi, UNC kwa meno makubwa na UNF kwa meno membamba. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa ushindi wa Joginder, taasisi ya viwango ya Uingereza ikatangaza kwamba Whitworth, BSF na BA zihesabiwe kuwa mifumo inayoachwa. Lakini tangazo halifungui bolti iliyokwisha kukazwa. Landrova ya kwanza ya 1948 ilikuwa zaidi ya BSF. Series II ilipotoka mwaka 1958 UNF ilikuwa imeshaingia, BSF nyingine zikabaki, na skurubu za 2BA zikaendelea kushika nyaya. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa jipya kabisa, likiwa tayari na mifumo mitatu ndani yake.

Kisa cha Morris ndicho kinachonishawishi kabisa kwamba kichwa cha bolti hakiaminiki. Hotchkiss, kampuni ya Kifaransa ya silaha, ilifungua kiwanda mjini Coventry wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiwa na mashine za kukata thredi kwa milimita. Vita vilipokwisha ikaanza kumtengenezea William Morris injini, na mwaka 1923 Morris akakinunua kiwanda chenyewe. Mashine zilikuwa nzima na zenye thamani, hakuwa na sababu ya kuzitupa. Ila mafundi na wateja wa Uingereza walikuwa na spana za Whitworth peke yake. Basi zikatengenezwa bolti zenye shina la milimita na kichwa cha Whitworth, na desturi hiyo ikaendelea hadi injini za magari ya MG TC na TD yaliyotoka baada ya Vita vya Pili. Ukiifungua injini ya MG hizo utakutana na bolti ya unene wa milimita 8 na hatua ya milimita 1 kamili, ikidai spana ya inchi. Anayesoma kichwa ataagiza bolti ya inchi 5/16. Shina lake ni milimita 7.94, karibu kabisa na 8, na ikiwa ni UNF hatua yake ni milimita 1.06. Itaingia kwa vidole mizunguko michache, kisha itakaza. Fundi ataona ni kutu tu, atatia mafuta na kuongeza nguvu, na hapo meno ya bloki yataanza kung'oka. Anayekwenda dukani kununua bolti ya kawaida ya milimita 8 atapewa yenye hatua ya 1.25, nayo haitaingia hata kidogo. Hiyo angalau inamwambia ukweli mapema.

Bolti inayokataa haina hatari kubwa. Ya hatari ni ile inayokubali kwa ulaini. Hapa kwetu Landrova nyingi zimetolewa injini zake za asili zikatiwa za Kijapani, Isuzu, Nissan au Toyota, kwa hiyo kopo la bolti chini ya gari hilo lina za Uingereza na za Japani pamoja. Chukua bolti ya BSF ya inchi 3/8. Ina meno 20 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 1.27. Tundu la Kijapani la milimita 10 mara nyingi lina hatua ya 1.25. Kwa urefu wa sentimita moja, meno manane hivi, tofauti yote ni kama sehemu ya sita ya milimita. Vidole haviwezi kuhisi hivyo. Bolti itaingia hadi mwisho bila kinyongo. Lakini shina lake ni milimita 9.5, si 10. Ile karibu nusu milimita inayopungua, ukiigawa pande mbili, inaondoa takriban theluthi ya kina cha mshiko wa meno, na meno yenyewe yanagusana kwa pembe za digrii 55 na 60 zisizolaliana. Inashika kwa ncha tu. Kwenye skurubu ndogo mtego ni huo huo: 2BA ni milimita 4.7 kwa hatua ya 0.81, bolti ya Unified iitwayo namba 10 yenye meno 32 ni milimita 4.83 kwa 0.79, na ya milimita 5 ya kawaida ina hatua ya 0.8. Mbili za kwanza zitazunguka ndani ya tundu la ile ya tatu kama zimezaliwa humo. Peugeot nazo zina mtego wao, bolti za milimita 7 zenye hatua ya 1, sawasawa na hatua ya bolti ya milimita 6. Fundi asiyewahi kusikia kuna bolti ya 7 huiona ya 6 inacheza, ya 8 haiingii, basi huhukumu kwamba thredi zimekwisha na kulikata tundu upya kwa tapu ya 8. Tundu lilikuwa zima.

Kuna atakayesema kwamba yeye hukaza kwa spana ya torki, na spana ikisoma kipimo cha kitabu, bolti imeshika. Hoja hii ina uzito, na inahitaji jibu la kina, kwa sababu inagusa kazi yenyewe ya bolti. Bolti ikikazwa hurefuka kidogo, kama ule mpira ambao boda boda hufungia mzigo, na nguvu yake ya kujivuta kurudi ndiyo inayobana silinda hedi juu ya gaskiti. Spana ya torki haipimi kurefuka huko. Inapima ugumu wa kuzungusha, na hata kwa bolti sahihi, safi, sehemu kubwa sana ya nguvu unayoitia, kama tisa ya kumi, huishia kwenye msuguano chini ya kichwa na kwenye meno. Ni kile kidogo kinachobaki ndicho kinachobana. Bolti yenye hatua isiyo yake huongeza msuguano wa meno. Spana itasoma kipimo kamili huku mbano ukiwa mdogo kuliko unavyotakiwa. Tena mzigo haugawanywi sawa kwenye meno yote. Hata bolti ikiwa yake, meno ya mwanzo hubeba zaidi, na hatua zikipishana mzigo huo huwa wa jino moja au mawili. Injini ikipata moto, chuma kikatanuka, likakatika hilo moja, sehemu hiyo ya gaskiti hubaki bila mshikaji. Maji huingia kwenye oili, na lawama huiendea gaskiti "feki". Gaskiti nyingi zimelaumiwa kwa kosa la bolti.

Sasa nieleze upimaji wenyewe. Bolti isafishwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa hadi mabonde ya meno yaonekane. Unene upimwe kwa vernia, karibu na kichwa ambako meno hayajalika, na ikumbukwe kwamba bolti nzima huwa pungufu kidogo ya jina lake. Ya milimita 8 itasoma 7.9 hivi. Asiye na vernia aipitishe kwenye matundu aliyotoboa kwa keekee za ukubwa unaojulikana. Hatua haihitaji hata hicho. Paka meno oili chafu, ilaze bolti juu ya karatasi nyeupe na uibonyeze. Itaacha alama ya kila jino. Sasa twaa rula ya mwanafunzi na upime nafasi kumi. Kwa bolti zinazokaribia milimita 8, nafasi kumi zikiwa milimita 10 kamili, hiyo ni ile ya MG, zikiwa 10.6 ni UNF, 11.5 ni BSF, 12.5 ni ya milimita ya kawaida, 14.1 ni Whitworth au UNC. Bolti ikiwa ndefu pima nafasi 20, ili kosa la jicho lipungue nusu. Pembe ndiyo ngumu zaidi. Geji ya thredi, kile kisu chenye meno mengi ya bapa, huwekwa juu ya bolti na kuangaliwa mbele ya mwanga. Mwanga ukipenya kwenye mbavu za jino, pembe si yake. Bila geji, tumia tapu mpya unayoijua, ulalishe meno yake ndani ya meno ya bolti uangalie vilevile. Alama za kichwani zinasaidia pia, maadamu zisiwe shahidi pekee: vichwa vya Unified vya Uingereza mara nyingi vina kishimo cha duara au duara zilizounganishwa ubavuni, bolti ngumu za Marekani zina mistari mitatu au sita, na za milimita zina namba kama 8.8 au 10.9 zinazosema uimara wa chuma chenyewe.

Pembe ina maana gani hasa? Whitworth na UNC za inchi 1/4 zote zina meno 20 kwa inchi, na za inchi 3/8 zote zina 16. Zinaingiliana vizuri, na wapo mafundi stadi wanaozichanganya kwa kujua. Siwezi kusema wanakosea kila mara. Kwenye mfuniko wa vali, au kibati cha kukinga feni, digrii tano hazitaleta madhara ninayoyaona. Kwenye silinda hedi, konrodi na gurudumu la mbele, ambako bolti inavutwa karibu na mwisho wa uwezo wake, nakataa. Na ukifika inchi 1/2 undugu huo unavunjika wenyewe, kwa sababu Whitworth ina meno 12 na UNC 13.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la fundi mkongwe anayesema mkono wake unajua. Kweli unajua. Mtu aliyefunga injini miaka mingi huhisi bolti iliyopinda meno kabla ya mwenye vernia kutoa miwani. Lakini angalieni mkono unahisi nini: unahisi kubana. Hauhisi theluthi ya mshiko iliyokosekana, kwa sababu kukosekana huko kunakuja kama ulaini, na ulaini ndio mkono umefundishwa kuupenda. Isitoshe, mkono haurithishwi. Kijana anayejifunza hapo gereji hawezi kuuchukua mkono wa mzee, ila anaweza kuisoma namba iliyoandikwa. Yuko mwingine anayesema mteja hana muda. Pickup inatakiwa kituo cha majani mchana huo huo. Kupima bolti inayotiliwa shaka ni kazi ya dakika. Tundu lililokatwa upya kwa tapu kubwa halirudi, na bloki ya injini kuukuu haiuzwi dukani Litein wala Kericho mjini.

Basi kwa nini tusizifanye zote za milimita tukapumzika? Wengi wanalipendekeza hili, na nalielewa, maana bolti za milimita ndizo zinazopatikana. Lakini tazama: wakati wa Vita vya Pili kampuni ya Packard ya Detroit ilipewa kazi ya kutengeneza injini ya ndege ya Rolls-Royce Merlin. Ilikuwa katika nchi ambako hakuna aliyeuza tapu za BSF wala BA. Ingeweza kubadilisha thredi ziwe za Kimarekani. Badala yake ilijitengenezea vyombo vya kukata thredi za Kiingereza, kwa sababu injini ya Detroit ilipaswa kupokea spea za Uingereza na kufungwa na mafundi wa Uingereza, na ikatoa zaidi ya injini 55,000 kwa njia hiyo. Kiwanda chenye nguvu ya namna ile kiliona kubadilisha ni ghali kuliko kufuata. Kwetu gharama ni ya namna nyingine. Kila tundu unalolipanua linapoteza chuma kando yake, na kwenye bloki kuna mahali ambako njia ya maji ipo milimita chache tu kutoka kwenye tundu. Tena anayebadilisha hubadilisha matundu mawili matatu tu yaliyomsumbua, akaacha mengine. Fundi anayefuata hukuta silinda hedi moja yenye bolti za aina mbili, bila onyo lolote. Tundu lililokwisha kweli kweli lina dawa iliyo bora: koili ya waya ya Helicoil, au kikombe cha chuma, ambavyo hurudisha ukubwa ule ule wa awali. Volkswagen Beetle, ambazo bloki zake ni za magnesi laini, zimeokolewa kwa vikombe hivyo duniani kote.

Ugumu wa kupata bolti zenyewe siukatai. Duka la vifaa la hapa halina BSF. Inabidi kuagiza Nairobi, Kirinyaga Road, au kuzichambua kutoka Landrova zilizokufa, na hapo ndipo namba inapofaa, kwa sababu muuzaji anayeambiwa "inchi 3/8, meno 20, BSF" hana nafasi ya kukisia. Mashine ya kukereza inaweza pia kukata hatua yoyote. Hata mashine ya zamani ya inchi hukata milimita ikifungwa gia ya meno 127, kwa vile inchi tano ni milimita 127 kamili. Lakini bolti ya kukerezwa kutoka kwenye nondo isiyojulikana ibaki kwenye mabano ya dinamo na kabureta. Silinda hedi na konrodi zinataka chuma cha kiwanda chenye alama ya uimara.

Atakayeanza, aanzie kazi ya kufungua silinda hedi. Achukue ubao wa katoni, achore umbo la hedi, atoboe matundu kwa mpangilio wake, na kila bolti inapotoka iingie kwenye tundu lake la katoni. Kando ya kila moja aandike namba tatu kwa kalamu ya wino usiofutika: unene, nafasi kumi, pembe. Katoni hiyo ikae ndani ya gari pamoja na kitabu chake, ili hata gari likiuzwa Sotik au Narok liende nayo. Bolti ya BSF ya Landrova ya inchi 3/8 itaandikwa 9.5, 12.7, 55. Ile ya Kijapani inayolala kwenye kopo pamoja nayo itaandikwa 10, 12.5, 60.